Mama Miwani Hakuhama Kiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wa maabara yetu ya ubongo, Mama Miwani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tumeombwa tuandike kwa uchangamfu. Tunajitahidi.

Alipoajiriwa alikabidhiwa miwani inayosogeza kila kitu upande wa kulia. Ukiivaa, unashika hewa mara kadhaa, kisha ubongo unazoea na mkono unafika. Ukiivua, unakosea kwa upande wa kushoto kidogo, halafu unarudi kuwa yuleyule. Mama Miwani husema ubongo ni mpangaji mwenye adabu: anahamisha viti, habomoi ukuta.

Mfanyakazi mpya hakupewa ufunguo kabla ya kumimina chai akiwa ameivaa. Mhasibu wetu aliimimina kwenye droo. Mama Miwani naye hakusalimika. Siku mkurugenzi mkuu alipotutembelea, Mama Miwani aliivua dakika ya mwisho, akanyoosha mkono kwa heshima zote na kuishika tai ya mgeni. Akaitikisa hivyo hivyo, kwa kuwa aliona kuiachia ghafla ni utovu wa adabu.

Miaka miwili iliyopita mumewe alipatwa na kiharusi. Macho yalikuwa mazima, ila ubongo ukawa hautambui upande wa kushoto. Mzee alinyoa ndevu nusu uso, akala nusu sahani na kulalamika njaa. Tangu waoane, Mama Miwani hukaa kushoto kwake mezani. Sasa mzee akawa anawauliza watoto mama yao yuko wapi. Hilo halikutuchekesha.

Watoto walimsihi ahamie kulia. Alikataa katakata. Kwa ruhusa ya daktari aliazima miwani yetu, na kila jioni akamfanyisha mzee mazoezi ya kugusa vikombe akiwa ameivaa, ili akiivua ubongo umvute kushoto. Wiki nyingine mzee alipata nafuu, wiki nyingine alirudi palepale. Tuliogopa kumuuliza hali ya nyumbani.

Mwezi uliopita, katikati ya chakula, mzee aligeuka kushoto, akamtazama mkewe, akamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Mama Miwani alitusimulia huku akifuta vioo vya miwani, na ilibidi avifute upya.

Ahsante, mama, kwa kazi na kwa ukaidi wako. Tunawatakia nyote wawili maisha mema, na kila mlo, kiti kilekile.