Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Mikono ya Kaka Yenu

Sogeeni, wanangu. Binti yangu, kaa huku upande wa sikio langu zima, na wewe kitinda mimba wangu, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Vuta kiti, zima simu, unisikilize. Pumzi niliyo nayo leo ni ya kuazima na sijui mwenyewe atakuja kuichukua saa ngapi, kwa hiyo mkinikatiza mtajipunja wenyewe. Nitasema habari ya nyumba, nitasema habari ya karakana, nitasema habari ya yale magari mawili ambayo nimewasikia mkiyanong'onea koridoni mkidhani nimesinzia. Lakini zaidi nitasema habari ya kaka yenu, kwa sababu hamjaijua yote.

Nyumba ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na mkitaka kuiuza iuzeni mkiwa mnaongea, msiiuze kwa sababu hamuongei. Vifaa vya karakana, nyundo zangu za kunyooshea bodi, mashine ya kupulizia rangi na ile taa ndefu, apewe fundi mwenzangu Kipara, ambaye tumevuta naye vumbi la rangi tangu angali na nywele. Hilo limekwisha.

Sasa magari. Bi Mkubwa mnamfahamu, mmekua mkimwona pale chini ya turubai. Nilimpata kwa daktari mmoja wa meno aliyezeeka magoti yakakataa kukunjika, akashindwa kuingia ndani ya gari lake mwenyewe, akanambia, "Fundi, lichukue, likiozea hapa nitaugua." Lilikuwa gari la spoti la watu wawili, jembamba, limelala chini hata ukikaa ndani unaona tairi za malori zikiwa juu ya kichwa chako. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu, nikaikata, nikaiunga, nikaipuliza rangi nyekundu ambayo mama yenu alisema ni ya mdomo wa mwanamke mwenye makusudi. Yeye ndiye aliyelibatiza Bi Mkubwa. Alisema, "Ukiwa na mke mwenza wa chuma, heri umpe heshima yake mapema."

Bi Mkubwa hana huruma. Klachi yake inataka mguu wa mbeba mizigo, usukani wake unauvuta kwa mabega, breki unazikanyaga huku ukiomba Mungu. Asubuhi ya baridi haamki mpaka umbembeleze. Paa lake ni turubai la vifungo, na mvua ikinyesha maji yanachagua pa kupita, daima ni pajani mwa abiria. Lakini akishika mwendo, wanangu, kila jiwe la barabara unalijua kwa makalio yako, na mngurumo unaanzia miguuni unapanda mpaka kwenye meno. Ukienda mwendo ambao basi la shule lingekupita, wewe unajiona unaruka.

Kaka yenu alilelewa ndani ya lile gari. Halafu akasoma, akawa mfamasia, akafungua duka lake la dawa, na siku moja akaingia uani na gari la wazi jipya kabisa, la rangi ya majivu, linalometa kama sufuria la bibi harusi. Watu wawili, kama langu. Akabonyeza kitufe, paa likajikunja lenyewe likaingia nyuma. Viti vinapasha mgongo moto. Gia zinajibadili zenyewe. Ukitaka kurudi nyuma kuna picha mbele yako, na ukisogelea mstari gari linakugombeza. Nikalizunguka, nikabisha bodi kwa kidole, nikamwambia, "Mwanangu, umenunua kitanda chenye magurudumu." Akajibu, "Na wewe baba una sanduku la kelele." Mama yenu akacheka hadi akashika ukuta, akasema, "Basi karibu, Bi Mdogo."

Tangu hapo, kila siku ya mapumziko, tulikuwa tunabadilishana. Yeye anamchukua Bi Mkubwa, mimi nampanda Bi Mdogo, tunapanda barabara ya mlimani mpaka kwenye tangi la maji, tunashuka, tunabishana. Mimi nasema lake linakwenda kasi mara mbili lakini hulisikii, umekaa kama uko sebuleni kwa watu. Yeye anasema langu linakuchosha kwa makusudi ili ujione dereva. Mimi nasema gari lisilokuhitaji litakuzoesha uvivu. Yeye anasema, "Baba, mimi kutwa nahesabu vidonge vya watu, jioni nataka kitu kinihurumie." Mama yenu alipofariki hatukuacha. Tulibishana hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Wewe hasa, binti yangu.

Kuna siku kaka yenu alikuja kumchukua Bi Mkubwa kama kawaida. Alimwasha, akakanyaga klachi, na gari likaanza kurudi nyuma polepole mpaka likaegemea nguzo ya geti. Nikapiga kelele, "We! Umelala wapi leo?" Nikamwendea. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anaiangalia kama vitu vya mtu mwingine. Akasema, "Baba, mguu haunisikii. Na mikono nayo. Dukani siku hizi vidonge vinanidondoka." Mimi mjinga nikamwambia ale vizuri. Akasema, "Nimeshapimwa. Ni misuli. Itakufa mmoja mmoja, na akili itabaki inaangalia."

Niliketi chini, pale pale kwenye kokoto, na surua… na suruali yangu ya kutokea. Nipeni maji. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Nikamwambia nitakwenda kukwambia wewe, binti yangu. Akanishika mkono, na ndipo nilipojua jinsi nguvu ilivyomwishia, kwa kuwa mshiko wake ulikuwa wa mtoto. Akasema, "Dada asijue. Mdogo wetu naye asijue, maana hana siri, atamwambia." Unakumbuka ulikuwa katika hali gani, binti yangu. Ulikuwa umelazwa na mimba, baada ya zile mbili zilizotoka, na daktari amekukataza hata kupanda ngazi. Kaka yako alisema, "Huyu mtoto azaliwe kwanza. Mimi sina haraka ya kufa." Akamwapisha mkewe, akaniapisha mimi. Mkewe alilia, alikataa, alisema, "Wifi yangu hatanisamehe." Kaka yenu akamwambia, "Atakasirika akiwa na mtoto mkononi. Hiyo ni hasira nzuri."

Usilie kwanza. Nikimaliza utalia.

Baada ya siku ile hakuweza tena kumwendesha Bi Mkubwa. Lakini Bi Mdogo aliweza. Ule usukani mwepesi niliouita wa mchezo wa watoto aliugeuza kwa kiganja. Hakukuwa na klachi ya kukanyaga. Daktari wake alikuwa anampima, akamruhusu kwa muda, na siku alipomwambia basi, aliutoa ufunguo mfukoni mwenyewe akampa mkewe bila kubishana. Hicho kipindi cha katikati, wanangu, alitoka nyumbani kwa miguu yake, akaenda dukani kwake, akajiona mwanamume na si mgonjwa. Nilikuwa nikilidharau gari lile. Siku hizo nililifuta vumbi kwa shati langu.

Binti yangu, ulipojifungua ndipo ulipojua kaka yako anaumwa, kisha siku moja ukamwona na mkewe mjini, paa limefunguliwa, wanacheka, ukaja baadaye kumwambia mkamwana wangu mbele ya watu, siku tunamzika, kwamba alikuwa anatanua na gari la kifahari wakati mumewe anakufa. Siku ile ulipowaona walikuwa wanatoka hospitali. Walikuwa wameambiwa mapafu yameanza kuchoka. Alimwomba mkewe wafungue paa apate hewa, kisha akatoa utani fulani wa kipuuzi, unamjua kaka yako, na mkewe akacheka kwa sababu mumewe alitaka kumwona anacheka. Ndicho ulichokiona.

Na yule mwanamke, mwalimu wa watoto wadogo, aliyekuwa akiogopa hata kuendesha baiskeli, alijifunza gari uzeeni mwa ndoa yake ili amzungushe. Mimi ndiye niliyemfundisha. Aliligonga pipa la taka, akaligonga lile lile tena. Kaka yenu pembeni, mkanda umemshikilia asianguke, anamwambia, "Taratibu, mpenzi, pipa nalo lina watoto." Basi akawa anamleta mpaka mlimani, kiti kinampasha mgongo, mimi nawafuata nyuma na sanduku langu la kelele.

Mara ya mwisho aliomba kupanda Bi Mkubwa. Nilikataa, nilisema litamvunja. Aliomba kwa macho, maana maneno yalikuwa yanatoka mazito. Tukambeba, mimi na mkewe, tukamshusha ndani kama unavyoshusha kioo, tukamzungushia mito. Nilikwenda mwendo wa konokono. Ule mtetemo ulimpanda miguu ikacheza, mabega yakacheza, na yeye akawa anacheka na kulia kwa pamoja bila kuweza kujifuta. Kule juu kwenye tangi nilizima gari nikamfuta mimi. Akajitahidi sana kusema, nikaweka sikio mdomoni mwake. Akasema, "Baba, hili lina roho. Lile lina huruma." Nikamwambia, "Basi tumetoka sare." Akatikisa kichwa, hakukubali sare. Alikuwa mbishi mpaka mwisho.

Nimewazika wawili kutoka nyumba hii. Mama yenu nilimlilia. Huyu… huyu bado sijajua nimlilie vipi. Baba hakuumbwa kumfuta mwanawe mate. Sasa nachoka. Nisikilizeni.

Bi Mdogo ni wa mkamwana wangu. Si zawadi, ni gari lake, na asiulizwe. Bi Mkubwa nakupa wewe, kitinda mimba. Najua umeshapata mteja. Sikukatazi kuuza, chuma si mtoto. Ila umwendeshe kwanza mwaka mmoja, kwa mikono yako, kiangazi na mvua. Ukiona huwezi, muuzie mtu atakayemwendesha, usimuuzie mtu wa kumfungia kwenye kioo. Kile chumba cha nyuma kiwe cha mkamwana kila atakapokuja, awe ameolewa tena au hajaolewa. Akiolewa, mchangie sherehe, na mcheze ngoma. Mkimnunia nitajua.

Mtoto wako, binti yangu, asiambiwe kwamba siri ilifichwa kwa ajili yake. Aambiwe… aambiwe alisubiriwa. Kwamba mjomba wake alimsubiri.

Mungu awape… ngoja, nipandishe mto. Hivyo. Mungu awape vifua vipana, wanangu. Awape watu wa kubishana nao na msichukiane. Mikono yenu iwatii mpaka uzeeni. Binti yangu, kitu chochote ulichowahi kunikosea nimekifuta, hata kile unachokifikiria sasa hivi. Na wewe, mwanangu, punguza… punguza kuongea na simu.

Jambo moja limebaki. Mkamwana wangu yuko nje getini, amekaa ndani ya gari. Nilimwita mimi. Amekuja tangu asubuhi na hathubutu kushuka. Hapana, kijana, wewe kaa. Nenda wewe, binti yangu. Usijipange cha kusema. Mfungulie tu mlango.

Haya… nenda.

Kijana, nishike mkono. Ameshafika? Mbona kimya? Ngoja… hao. Nasikia mtu analia. Ni yupi? Sasa wote wawili. Vizuri. Waache, usiwaite. Waache wamalize… mimi nipo.