Siku Niliyoketi Kando ya Injini Inayochemka

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Nimesimama mbele yenu kwa sababu nimekuja kushuhudia na pia kutubu.

Wengi wenu mnanijua. Naitwa Wafula, ninaishi mtaa wa Landless, na kazi yangu ni kutibu ng'ombe kwa wakulima wa Murera mpaka upande wa Ruiru. Mvua ikinyesha, barabara za huko ni tope tupu. Ndiyo maana nilinunua pikipiki mpya ya matope, ile ndefu yenye matairi ya meno. Ndugu zangu, niliipenda kupita kiasi! Niliogopa hata jiwe liiguse. Nikachukua plastiki ngumu, nikaifunga kwa waya mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ili isitobolewe.

Wiki ya pili pikipiki ikaanza kuchemka. Taa nyekundu ya joto inawaka, nasimama. Ikipoa naondoka, na mbele kidogo inawaka tena. Amani ikanitoka! Nikawa mtu wa kuinama kila dakika kuangalia ile taa. Hata hapa kanisani nilikuwa naketi karibu na mlango, na wakati wa maombi natoka kwenda kuigusa injini. Mke wangu akiniita mezani, nakula nimesimama.

Nikaipeleka kwa Kamau, fundi wa pikipiki kule Ruiru, ndugu yetu wa kikundi cha maombi. Akaifungua, akakagua pampu ya maji, akairudisha. Akaniambia, "Daktari, pampu iko sawa. Toa hii plastiki. Injini inataka upepo."

Nikamjibu, "Unataka mawe yaniharibie kitu kipya?"

Nikaondoka nayo hivyo hivyo, na kesho yake ikachemka vibaya zaidi. Ndipo shetani akapata mlango. Nikajiambia, Kamau ametoa pampu yangu mpya akaweka kuukuu! Nilirudi Ruiru nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Akanitazama tu, akasema, "Mungu anajua." Haikunitosha. Jumatano nikaja kwenye maombi, hapa hapa, nikasema tumwombee Kamau aache wizi. Mliitikia amina. Tangu siku hiyo Kamau hajakanyaga hapa.

Sasa sikilizeni Bwana alivyonishika. Asubuhi moja mjane wa Murera, Mama Wanjiru, alinipigia simu. Ng'ombe wake wa pekee alikuwa anazaa na ndama amekwama. Nikatoka mbio. Kabla ya kufika, kwenye tope la kunata, taa ikawaka na mvuke ukatoka. Nikaruka chini kama mwendawazimu. Nikaufunika mkono kwa kofia, nikashika kifuniko cha rejeta nikifungue nitie maji.

"Wee! Wacha hiyo!"

Alikuwa nyanya mmoja, cucu kama tunavyosema huku, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya barabara. Alikuja akanivuta mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori," akasema. "Alifungua rejeta ikichemka hivi. Maji yalimrukia usoni, na mpaka leo haoni. Keti chini, kijana."

"Cucu, nimechelewa. Kuna ng'ombe anakufa."

"Ukiungua macho utamtibu na nini? Keti!"

Nikaketi kwenye majani yake. Ndugu zangu, sikumbuki mara ya mwisho nilipoketi nikatulia! Moyo ulikuwa unapiga kama ile injini. Nikasema, "Yesu, nisaidie." Sikuwa na ombi lingine. Na nikiwa pale chini, macho yakiwa sawa na rejeta, nikaiona plastiki yangu. Ilikuwa imelainika kwa joto na kupinda. Nyuma yake tope na nyasi zilikuwa zimeshindiliwa kama tofali. Upepo usingepita hapo! Kamau aliniambia! Nikalia mbele ya nyanya nisiyemjua.

Injini ilipopoa nilikata waya, nikatoa plastiki, nikachokoa tope kwa kijiti na kuongeza maji. Nikaenda. Taa haijawaka tena mpaka leo, utukufu kwa Bwana!

Lakini sitawaficha. Ndama tulimpoteza. Ng'ombe mwenyewe alipona. Mama Wanjiru hakunilaumu, alisema tu, "Daktari, ungefika mapema." Maneno hayo ninayo moyoni mpaka leo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja Ruiru. Nikasimama mbele ya wateja, nikasema, "Kamau si mwizi. Mimi ndiye mwongo." Kamau akaweka spana chini. Kisha akauliza, "Plastiki umetoa?"

"Nimetoa."

"Basi nimekusamehe. Lakini kanisani sijui kama nitaweza kurudi. Watu walisema amina."

Ndiyo sababu nimesimama leo. Nilimchafua hapa, namsafisha hapa. Namshukuru Mungu aliyeniokolea macho, na akaniokoa na moyo wangu uliokuwa ukichemka. Ndugu yangu, dada yangu, kama na wewe huna utulivu, mwite Yesu. Atakuketisha chini akuonyeshe ukweli, hata kama unauma. Mtegemee, hatakuacha hapo.

Na ibada ikiisha, mimi naenda Ruiru kwa Kamau. Anayetaka kuirudisha ile amina, twende pamoja.