Bahasha ya Chumba Namba Saba

Mgeni rasmi, Mama Cherotich, msimamizi wa ustawi wa wafanyakazi katika kampuni yetu: tangu uingie humu umetazama chai, umetazama simu, umetazama ukuta. Mwenzetu Laban hujamtazama. Hata mwaka 2009, mwenzetu Onyango alipochukuliwa na polisi getini, uliinamia viatu vyako. Hatujasahau.

UKARIBISHO
Karibu mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud. Utuwie radhi kwa kufunga mlango na kupandisha sauti ya redio. Risala hii ni ya masikio yako tu.

HISTORIA
Sisi ni walinzi watano, pamoja na Mike wa teksi. Kabla ya kuja huku, Laban alifanya kazi Cape Town. Huko sheria inaruhusu wanaume kuoana tangu 2006, akafunga ndoa na Eugene mbele ya msajili, wakapewa cheti. Kule ni karatasi ya heshima. Hapa Doha ni jela. Sisi tumeyajua haya jana tu.

MAFANIKIO
Hakuna wa chumba hiki aliyewahi kuchelewa kuongeza mkataba, kwa sababu karatasi zetu huenda kwa bahasha moja.

CHANGAMOTO
Ndiyo hiyo bahasha. Laban akiwa lindoni, tulimpangia karatasi zake: tukachukua kila yenye muhuri, bila kusoma. Suleimani akaipeleka juzi kwa mandubu, yule karani anayetupelekea karatasi serikalini. Laban aliporudi alifungua sanduku, akakaa sakafuni. "Cheti changu kiko wapi, jamani?"

Tangu Juni hii ya 2015, Marekani ilipohalalisha ndoa hizi nchi nzima, kantini ni mzaha mtupu: "Na wewe, bibi yako mbona hatumwoni?" Laban amecheka nao miezi minne. Reuben amefunga mizigo, anasema tutaitwa polisi sote tuliolala naye chumba kimoja. Nasi twaogopa, tusikufiche.

Suleimani yeye asema: "Dini yangu haikubali, Mama. Lakini simfungishi mtu jela kwa bahasha niliyoibeba kwa mkono wangu."

OMBI
Hatukuombi uikubali ndoa. Twakuomba ufungue droo moja tu, ya mandubu, ututolee cheti kile. Leo Ijumaa na kesho ofisi imefungwa. Jumapili asubuhi mandubu ataifungua bahasha. Ufunguo unao, huo hapo kwenye mkoba. Ukiulizwa, sema fomu zina makosa.

Mungu akutunzie wanao, wasije wakaogopa karatasi.

Ni sisi,
Walinzi wa Chumba Namba Saba.

Mike ameshawasha gari. Chai iache, Mama. Mtazame Laban, kisha simama twende.