Mama Ngosa, Muchungaji wa Courant

Mama Ngosa Virginie anatuacha tarehe 31 Machi 1997, baada ya kuitumikia Minoterie Tujikaze, kiwanda chetu cha unga, miaka ishirini na sita, miezi kumi na siku ishirini na saba. Aliingia tarehe 4 Mei 1970 kama dactylo, mpiga chapa wa ofisi. Siku tumezihesabu moja moja kwa sababu yeye mwenyewe angezihesabu. Na kwa kuwa vita vinasogea kila asubuhi, kuna ubishi katika kantini: nani atatangulia kuondoka, Mama Ngosa au serikali? Mpaka tunapoandika, ni yeye tu mwenye barua rasmi.

Kwa karibu miaka ishirini na miwili alipiga chapa barua za wakurugenzi sita. Wanne kati yao walikuwa hawawezi kuimaliza sentensi waliyoianza. Mama aliwamalizia bila kudai sifa. Alijulikana kwa kutochelewa, na kwa kuzima taa kila alipotoka chumbani, hata kama ndani wamebaki watu.

Mwezi wa kumi 1991 mji uliporwa na askari. Kwetu walibeba magunia, vitanda vya zahanati, milango saba na kengele ya zamu. Vinu waliviacha kwa sababu havikupita mlangoni, ingawa milango yenyewe ilikwisha kwenda. Baada ya hapo watu wengine wakaanza kuvuna nyaya za umeme kama mahindi, na courant, umeme wenyewe, ikawa inakuja siku inayojitakia.

Katika hali hiyo, tarehe 17 Februari 1992, ikatufikia kutoka Kinshasa sheria ya kitaifa ya kuhifadhi nishati. Ilishuka uwanja wa ndege wa Luano na mzigo wa barua, kurasa kumi na nne, wa tisa una doa la mafuta ya mtu aliyekula juu yake. Kiwandani tulicheka sana. Kuhifadhi nini? Mama Ngosa hakucheka, kwa sababu alipewa kazi ya kuinakili, na hivyo akawa mtu pekee aliyeisoma mpaka mwisho.

Sheria haikutaka watu wakae gizani. Ilitaka unga ule ule utoke kwa umeme mdogo zaidi. Kila kiwanda kikubwa kiwe na msimamizi wake. Kila mashine ipimwe peke yake. Umeme uliotumika ugawanywe kwa tani zilizotoka, na ripoti ipelekwe kila mwaka na sahihi ya msimamizi. Bila sahihi hiyo ripoti haipokelewi. Umeme ukipungua mjini, aliyepunguza matumizi hukatiwa mwisho, na mharibifu hukatiwa kwanza.

Mkurugenzi wetu, Bwana Floribert Chishimba, aliamuru tangazo la Kiswahili libandikwe getini ili apatikane huyo msimamizi. Mama akaandika: « Kampuni inatafuta muchungaji wa courant, muntu ya kuaminika. » Kwetu kuchunga kitu ni kukitunza kisipotee, kwa hiyo hakukosea. Lakini muchungaji ni pia yule wa kanisani. Kufika Alhamisi, wahubiri watatu walikuwa getini na Biblia zao. Wa tatu aliomba aonyeshwe kabini ya umeme, akauwekea mlango wake mikono, akapaza sauti, na (ukweli lazima uandikwe) courant iliyokuwa imepotea siku mbili ikarudi palepale. Ilituchukua saa nzima kumshawishi kwamba kazi si yake.

Mkurugenzi alikasirika mpaka tai ikamkaa upande. « Mwenye kuandika njo atachunga! » akasema. Hivyo ndivyo Mama Ngosa alivyopata cheo. Bénit, mkuu wa mafundi wa umeme, alimpokea kwa heshima ya namna yake: « Karibu, Pasta. Zaka ya courant tutalipa wapi? » Mama akamjibu: « Zaka yako nimeisha kuona. Ile taa ya choo inawaka tangu Noeli. »

Watu walidhani atachoka baada ya wiki moja. Alinunua daftari la shule, akalifunga kiunoni kwa kamba, akaanza kutembea kutoka mita hadi mita. Hakuwa fundi, na ndiyo maana aliuliza maswali ambayo mafundi huona haya kuyauliza. Kwa nini mkanda wa kinu namba mbili unateleza na hakuna anayeukaza? Kwa nini mota ya nguvu sabini na tano inafanya kazi ya arobaini? Mabomba ya hewa yanapiga mluzi kwa furaha gani? Walipokosa jibu, walitengeneza. Mivujo ilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Taa zilipanguzwa unga wa miaka kumi, na ikagunduliwa kwamba nusu yazo hazikuhitajika. Madirisha ya juu yalioshwa, na wengine wetu tukaona sura za wenzetu mchana kwa mara ya kwanza. Si wote waliofurahi.

Tulipoanza, tani moja ya unga ilikula kilowati-saa 92. Kufika Septemba 1993 ilikula 81. Kila mwaka alituma ripoti Kinshasa. Moja ilirudi na muhuri wa kwamba ofisi haijulikani, akaituma tena, kwa maelezo kwamba sheria inajulikana.

Mwezi huohuo wa Septemba tume ya umeme ya mkoa ilitangaza kwamba nyaya zilizobaki hazitoshi. Kuanzia tarehe 1 Novemba, kinu chochote kinachopita 75 kwa tani kitakatiwa. Ripoti zifike kabla ya tarehe 15 Oktoba kuisha. Sisi tulikuwa 81, na tulikuwa wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu zaka.

Mama alikagua kila kitu upya na hakupata kosa. Jumapili tarehe 10 Oktoba, baada ya misa, alikuja kiwandani na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Vinu vyote vilikuwa vimezimwa. Mita kubwa ilikuwa inazunguka kama mtu anayetafuta choo. Akamwita Bénit, wakafuata waya mpaka nyuma ya kantini, kwenye chumba baridi cha zamani ambacho sote tuliambiwa kimekufa. Kilikuwa hai kabisa. Ndani mlikuwa na samaki wabichi wa Pweto, kule ziwani, wamepangwa mpaka dari, mali ya bibi ya mkurugenzi, mke wake wa ndoa.

Bénit alishika kichwa. « Mama, tufunge mlango. Hatukuona kitu. »

« Mita imeona », Mama akasema.

Kesho yake ripoti ikawa mezani kwa mkurugenzi. Mistari yote ilikuwa na majina ya mashine, na wa mwisho ulisomeka hivi: Samaki, kilowati-saa 3,100 kwa mwezi. Pamoja nao tani moja ilikula 81; bila wao, 74. Wote waliokuwa kwenye korido walisikia yaliyofuata, na korido siku hiyo ilikuwa na watu wengi kuliko kazi yake.

« Mama Ngosa! Tangu lini samaki iko mashine? »

« Samaki hapana, Patron. Ile frigo yake njo mashine. »

« Futa ile mustari. Andika 74, utie sahihi, twende mbele. »

« Frigo ikizimwa, nitaandika 74. Sheria inasema kila mashine. Haiseme kila mashine isipokuwa ya bibi. »

Mtu fulani alicheka, akajifanya anakohoa. Tarehe 12 Oktoba mkurugenzi aliandika kwa mkono wake barua ya kumfukuza kazi. Barua rasmi lazima ipigwe chapa, na kampuni bado ilikuwa na dactylo mmoja tu, yuleyule. Mama aliipiga chapa yeye mwenyewe, nakala tatu, akasahihisha makosa mawili ya sarufi, akaipeleka kwa sahihi. Chini ya barua aliweka ripoti, mahali pa sahihi ya msimamizi pakiwa peupe, na ukurasa wa tisa wa sheria, wenye doa, ukiwa umefunuliwa: bila msimamizi, hakuna ripoti. Kisha akakaa kwenye kiti chake na mkoba magotini. Alikuwa mjane, na watoto wanne walikula kwa kazi hiyo.

Mkurugenzi alikaa na karatasi hizo mpaka saa nane mchana. Kisha tukasikia karatasi ikichanwa, na baada yake sauti iliyochoka: « Bénit, zima ile frigo. »

Samaki hawangoji. Walitoka siku ileile, tukagawiwa sote, na tangazo likabandikwa kusema kwamba ni zawadi ya bidii kutoka kwa Uongozi. Aliyelipiga chapa mnamjua. Mji wetu ulinuka Pweto wiki nzima. Ripoti ilitiwa sahihi tarehe 14, ikiwa na 74 ya kweli. Tarehe 1 Novemba viwanda saba vilizimika. Chetu kilisaga.

Kinasaga mpaka leo. Deborah wa mizani, anayetupimia magunia, ameteuliwa kuwa msimamizi kuanzia tarehe 1 Aprili, na safari hii hatukubandika tangazo. Bwana Chishimba, ambaye bado ni mkurugenzi wetu, ameomba mwenyewe kusoma hotuba. Amepewa dakika nne.

Asante, Mama Ngosa, kwa mishahara iliyoendelea kuwepo, kwa unga uliofika sokoni wakati mji ulikuwa hauna kitu, na kwa sentensi zetu zote ulizozimalizia. Uishi siku nyingi, wewe na wajukuu zako, katika amani ambayo sisi wengine bado tunaitafuta kwenye redio. Sherehe tumeiweka saa sita, vinu vikiwa vimepumzika, ili uyasikie makofi yetu vizuri. Tutapiga mpaka tuchoke. Mikono yetu haina mita.