Meza Aliyoiacha Verna

Jioni ile Orrin alimaliza supu yake, akaiacha sahani chafu mezani mpaka meza itakapohitajika, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao mjini Duluth tangu waoane.

"Inamngoja nani hiyo, mzee?" mkewe Verna akauliza kutoka kwenye kitanda cha ugonjwa, walichokisogeza karibu na jiko la kuni.

"Atakayeihitaji meza."

Verna akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Kisha akamwita binti yao Karin, aliyerithi kazi yao ya kutunza kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, yaani sehemu inayozipa programu zote zamu zao.

"Sikilizeni, mwanangu nawe mume wangu, wala msinikatize, maana pumzi hii ni ya kuazima. Majira ya baridi tuliyooana, theluji iliziba mlango, tukakaa pale mezani tukiandika. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina mahali pake pa hesabu za desimali, na zamani zile programu chache tu zilipagusa. Tukasema, programu moja ikiipisha nyingine, kiini kihangaike nini kufungasha desimali za aliyeondoka? Ziachwe hapo hapo. Akitokea anayepahitaji, ndipo zifungashwe. Tuliiga sahani zetu! Mashine zikaenda mbio, na baba yako akanibeba akicheza mpaka tukavunja taa. Ee, siku zile. Lakini kila zama na watu wake. Leo kila programu inaitaka meza ile, na kila mara kiini hushtuliwa, kikasimama, kikafungasha, kikaanza upya. Uvivu uliotufaa sasa ni mzigo. Nimeandika badiliko la kuuondoa, nalo linangoja jina la pili, maana kwetu msimbo, maandishi ya programu, hauingii kwenye kiini kwa jina la mtu mmoja. Orrin, unalipita kila siku ukijifanya hulioni. Waogopa kwamba ukiufuta msimbo wetu wa zamani, umenifuta. Karin, nyumba ni yako, na mtumbwi pia. Baba yako usimwachie kasia, atazama. Msimbo wangu msiugeuze kaburi la kuzuru. Kizuri hujua kupisha. Orrin... weka jina. Mungu awape... meza isiyokosa watu..."

Alfajiri pumzi ikakoma.

Asubuhi, watu walipokwisha kuuchukua mwili wa Verna, Orrin aliosha sahani yake, kisha kikombe cha Verna. Akafungua kompyuta, akaandika jina lake chini ya la mkewe, akalituma badiliko. Karin alipotoka chumbani, macho yamemvimba, aliikuta meza tupu, na baba yake akimvutia kiti cha mama yake.

"Kaa hapa," akamwambia.