Nafasi ya Saksafoni katika Nyimbo za Vidole

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Vidole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akafuatiwa na mdogo wake mmoja tu, mpiga saksafoni, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, na huko alijifunza piano kwa kuingia ukumbini kupitia dirishani, kosa lililompatia viboko vingi na ufundi wa kudumu. Mwaka 1970 aliajiriwa posta kupanga barua, mwaka 1973 akaanzisha na mdogo wake bendi ya jazi, yeye akishika kinanda, na tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1986, baada ya onyesho lililohudhuriwa na watu tisa, wawili wakiwa wamelala, mmoja wao mlinzi wa ukumbi, Vidole alikata shauri kupiga muziki laini, wa kuimbika hata na mtu anayeosha vyombo, na kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, aliacha kazi ya posta mwezi huohuo. Mdogo wake alimwambia mbele ya bendi nzima kwamba huo ni muziki wa kusubiria daktari wa meno, akafunga saksafoni kwenye kasha, akaondoka, na hawakusemezana kwa miaka thelathini na minane.

Kanda zake zilienea, redio zikazipiga asubuhi na jioni, lakini katika kila wimbo aliacha mahali patupu, kinanda kikitembea taratibu bila wa kuongoza, na wenye studio walipomletea wapiga saksafoni wengine aliwashukuru, akawarudisha, akisema mwenye nafasi hiyo yupo, ana hasira tu. Mdogo wake alizisikia nafasi hizo, akajua ni zake, akazima redio, na hilo analikiri leo kwa aibu.

Septemba 2, 2024 Vidole alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukapooza, mdogo wake akaenda, maana damu ni nzito kuliko maji, na tangu hapo kila asubuhi Vidole alipiga kwa mkono wa kulia, mdogo wake akimpigia upande wa kushoto. Kila alipoulizwa saksafoni iko wapi, mdogo wake alijibu kwamba ataileta kesho. Vidole alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliobeba kinanda hadi kitandani kwake, wanabendi, na wenzake wa posta. Sasa kanda itapigwa, na ikifika mahali patupu, msishangae msomaji akiiweka karatasi chini.

Pumzika kwa amani, kaka, nimeileta.