Folda Ndani ya Folda

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi Saa, na alasiri ikishaanza kusinzia hata saa zake zinapishana bila kugombana. Leo Kompyuta, kijana wetu wa kuandika programu, kaweka mashine mapajani na kahawa hajaigusa. Anatafuta sauti ya marehemu mama yake, ujumbe wa mwisho aliomtumia. Faili anajua aliiita “mama”. Alipoiweka ndipo pamempotea, na sote tunamwonea huruma.

— Si ufungue folda moja moja? akasema Dereva.

— Nitazeeka. Nimeandika funksheni, kijiprogramu cha kunitafutia. Inaingia kwenye folda, inauliza: mama yupo? Kama hayupo, inajiita yenyewe iingie kila folda iliyozaliwa humo.

— Inajiita yenyewe? Fundi Saa akashangaa. Sasa anayeita nani, anayeitika nani?

— Wote ni yeye. Wa nje anasubiri mlangoni, wa ndani anaendelea. Akifika folda isiyo na mtoto, anarudi kwa aliyemtuma: sijamwona.

— Ndo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Dereva, hiyo inaingiaje hapo?

— Imejiita yenyewe.

Tukacheka kivivu. Fundi Saa akafumba macho.

— Basi na ndoto ni hivyohivyo. Unaota umelala, na huko nako unaota. Kwenye kila kitanda yupo wewe mwingine, anasubiri umrudishie jibu.

— Mi naona hata hapa tumetumwa, Dereva akasema. Yuko Dereva mkubwa kwenye benchi lingine, kahawa inampoa, anangoja nirudi nimwambie nimeona nini.

— Utamwambia nini?

— Foleni.

Kompyuta akajipiga paji la uso.

— Nimejiponza! Mle ndani niliweka njia ya mkato inayorudi folda ya kwanza. Maskini, tangu asubuhi inazunguka tu!

Akaongeza mstari mmoja: ulikopita usipite tena. Mdogo wake wa kike, katoka kazini na aproni yake, akafika akasimama nyuma yake. Kwenye kioo likatokea neno moja: imepatikana.

Dereva alitaka kupiga makofi, akaghairi.

— Kaka, binti akauliza taratibu, nani ataibonyeza tumsikie mama?

Kompyuta akautazama mkono wake. Fundi Saa akanyanyua birika ampoze kwa kahawa ya moto, nalo lilikuwa tupu.